Ahadi moja, mafungu mengi: nani hugharimia huduma za mzee wa Nyanda za Juu Kusini

Mkulima wa viazi wa Uporoto akitimiza miaka 60 hapokei barua yoyote kutoka serikalini. Hakuna ofisi moja inayomfungulia jalada na kumweleza kuwa kuanzia siku hiyo anastahili hiki na kile, na kwamba atakidai mahali fulani. Anachokikuta ni vipande vipande: matibabu yasiyolipiwa yanayosimamiwa na zahanati ya kijiji, ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambayo kwa jina ni ya kaya na si ya mzee, baraza la wazee lenye mwenyekiti na katibu lakini lisilo na fungu la fedha, na pensheni, ikiwa aliwahi kuajiriwa. Kila kipande kina waraka wake au sheria yake, kina wizara yake, na kina mahali fedha zake zinapotoka. Makala haya yanavifuata vipande hivyo hadi kwenye fedha, kwa sababu ni hapo tu ndipo inapoeleweka kwa nini ahadi ileile hutimia kwenye mlango mmoja na kukwama kwenye mlango unaofuata.

Msingi wa ahadi zenyewe ni Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ambayo inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Umri huo unalingana na ule wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, jambo linalofaa kwa karani wa halmashauri, ingawa halimhusu sana mama wa Ludewa ambaye hatastaafu jembe lake hadi mwili utakapokataa. Sera iliahidi matibabu, ulinzi wa mali na uhai wa wazee, na ushiriki wao katika maamuzi, huku ikiitaja familia kuwa mhimili wa kwanza wa matunzo. Hata hivyo sera ni tamko la nia. Sheria ndiyo inayoweka wajibu unaoweza kudaiwa mahakamani, na bajeti ndiyo inayotoa fedha. Tanzania Bara iliendesha mambo ya wazee kwa zaidi ya miaka 20 kwa sera hiyo bila sheria mahususi ya wazee, wakati Zanzibar, ambako ustawi wa jamii si jambo la Muungano, ilipitisha sheria ya masuala ya wazee mwaka 2020. Tofauti hiyo huonekana siku huduma inapokosekana: mwenye sheria hudai, na asiye nayo huomba.

Wizara inayosema, na wizara inayoshika fedha

Mwezi Januari 2022 serikali iliigawa iliyokuwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Afya ikabaki peke yake, na wazee wakahamia Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mgawanyo huo uliwapa wazee wizara yenye muda zaidi wa kuwasikiliza, lakini uliwaweka mbali na mahali dawa zinapopangwa. Katika vitabu vya bajeti, wizara inayosimamia wazee ni Fungu 53, Wizara ya Afya ni Fungu 52, Ofisi ya Rais TAMISEMI, inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, ni Fungu 56, na kila mkoa una fungu lake, Mbeya likiwa 78 na Iringa 73. Fedha za zahanati ya kijiji, pamoja na mshahara wa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, hupitia upande wa mikoa na halmashauri. Kwa hiyo waziri anayesimama bungeni kuwajibika kuhusu wazee si yeye anayeshika fedha za dawa zao, wala si mwajiri wa ofisa anayewatambua. Anaweza kutoa mwongozo, kuhimiza na kufuatilia, lakini utekelezaji uko mikononi mwa mkurugenzi wa halmashauri ambaye anaripoti kwa njia nyingine.

Mwananchi wa kawaida hawezi kulaumiwa asipoujua mpangilio huu, maana hata watendaji huurahisisha kupita kiasi. Mzee akilalamika kuwa kitambulisho chake cha msamaha wa kulipia matibabu kimekataliwa, ataambiwa aende ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii watamrudisha kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo cha tiba. Mganga mfawidhi atamweleza, kwa adabu zote, kwamba bohari haijaleta dawa. Kila mmoja wao anasema kweli kwa upande wake.

Matibabu bure, na fedha ambazo hazikuongezwa

Hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa kuliko kwingine kote. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaweka wazee katika makundi yanayosamehewa kuchangia gharama za matibabu, pamoja na wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wagonjwa wa baadhi ya maradhi ya kudumu. Kwa wazee, masharti ni mawili kwa pamoja: awe na miaka 60 au zaidi, na awe hana uwezo wa kulipa. Sharti la pili hudondoka mara nyingi katika hotuba za majukwaani, na mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Uyole hushangaa anapoulizwa kuhusu kipato chake ilhali alisikia redioni kuwa wazee wote ni bure.

Utaratibu wa kawaida huanzia kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, ambaye huthibitisha umri na hali ya maisha. Orodha hupanda hadi kata na kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na halmashauri hutoa kitambulisho cha matibabu chenye picha. Umri huthibitishwa kwa kitambulisho cha taifa au kadi ya mpiga kura, na kwa wengi wa Nyanda za Juu Kusini, ambako makanisa yaliandika vitabu vyao mapema, cheti cha ubatizo kimewaokoa watu ambao hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Akiwa na kitambulisho hicho, mzee huelekezwa kwenye dirisha la wazee, ambako bango humtaka kila mtu ampishe mzee ahudumiwe kwanza. Dirisha hilo limepunguza foleni, na ni haki kulisema hilo kwa sauti. Tatizo huanza baada ya dirisha. “Shikamoo bibi, dawa ya presha imekwisha, labda ukanunue dukani,” ni maneno ambayo wengi wamekwisha kuyasikia, na anayeyatamka mara nyingi ni binti mpole asiye na kosa lolote.

Ili kuelewa kwa nini dawa huisha, ni lazima kujua kituo cha afya kinaishi kwa fedha zipi. Mishahara hutoka Hazina. Dawa na vifaa tiba hutoka Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda mbili katika eneo letu, moja Mbeya na nyingine Iringa, na kila kituo huagiza kwa kadiri ya kiasi kilichotengwa kwenye akaunti yake huko. Chanzo cha tatu ni Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na washirika wa maendeleo, ambao tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zake zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo badala ya kupita katika mikono ya halmashauri. Chanzo cha nne ni mapato ya kituo chenyewe: fedha taslimu za wagonjwa, malipo ya NHIF, yaani mfuko wa taifa wa bima ya afya, na malipo ya CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii.

Msamaha unakata chanzo cha nne bila kuongeza lolote katika vile vitatu vya mwanzo. Mzee anapohudumiwa bure, hakuna mtu anayepelekewa ankara. Kituo hakipokei fidia kwa kila mzee kilichomtibu, bali kinabeba gharama hiyo ndani ya kiasi kilekile ambacho kingepata hata kama kisingemwona mzee hata mmoja. Kituo kinachowahudumia wazee wengi kwa moyo mkunjufu huishiwa dawa mapema kuliko kile kinachowazungusha. Sidhani kama yupo aliyekusudia matokeo hayo, lakini ndivyo mpango ulivyojengwa, na ndiyo maana mawaidha kwa wauguzi kuhusu lugha nzuri hayajalimaliza tatizo.

Kuna jambo la pili ambalo huzungumzwa kidogo. Mzee haji na malaria ya siku tatu. Huja na presha, kisukari, macho na magoti, maradhi yanayotaka dawa mwezi baada ya mwezi. Mwongozo wa taifa wa dawa muhimu hupanga dawa kwa ngazi, kwa hiyo baadhi ya dawa za maradhi hayo hazitarajiwi kabisa kuwepo katika zahanati, bali huanzia kituo cha afya au hospitali. Kwa mtu wa Matamba au Lupila, huko Makete, ngazi inayofuata ina maana ya nauli, na pengine mtu wa kumsindikiza na mahali pa kulala. Msamaha haugusi nauli. Katika wilaya zenye hospitali kubwa za misheni, kama vile Ikonda huko Makete na Ilembula huko Wanging'ombe, suala huongezeka ugumu mwingine: hospitali hizo ni mali ya makanisa, na namna zinavyomtendea mwenye kitambulisho cha msamaha hutegemea makubaliano yao na serikali, hivyo ni busara kuuliza mapema kabla ya kumpakia mgonjwa kwenye gari.

Baadhi ya halmashauri zimetafuta njia iliyo bora zaidi kwa maoni yangu, nayo ni kuwakatia wazee kadi za CHF iliyoboreshwa badala ya kuwapa karatasi ya msamaha pekee. Kadi hiyo iliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na serikali huchangia upande wake kwa utaratibu unaojulikana kama tele kwa tele. Faida yake ni kwamba sasa yupo mlipaji: kituo hudai, na mfuko hulipa, hata kama hulipa kwa kuchelewa. Mipaka yake ni miwili. Kwanza, kadi hiyo kwa kawaida huishia hospitali ya rufaa ya mkoa, haimfikishi mtu katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ambako wagonjwa wa mikoa ya kusini magharibi hupelekwa kwa maradhi mazito. Pili, fedha za kununulia kadi hutoka katika mapato ya ndani ya halmashauri, na mapato hayo hayafanani. Jiji la Mbeya lina masoko, stendi na leseni za biashara. Ileje haina. Mzee wa Isongole na mzee wa Mwanjelwa wanaishi chini ya sera moja, lakini kila mmoja anategemea ushuru unaokusanywa jirani na kwake.

Ruzuku ya kaya, bibi na wajukuu

TASAF ilianza mwaka 2000 kama mfuko wa kujenga madarasa, zahanati na visima kwa kushirikiana na wananchi. Ilikuwa ni awamu ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, iliyoleta Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, yaani fedha mkononi, na kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa mwezi Februari 2020. Wengi huuita mpango wa wazee kwa sababu siku ya malipo wazee ndio wanaoonekana kwenye mstari. Kwa sheria zake, mpango huu hauangalii umri. Unaangalia umaskini wa kaya, na mzee huingia kwa sababu kaya yake ni maskini, si kwa sababu ana miaka 60.

Uteuzi wa walengwa hupita hatua tatu. Mkutano wa kijiji hutaja kaya zilizo maskini zaidi, kisha wataalamu hupita nyumba kwa nyumba na dodoso linalouliza kuhusu paa, sakafu, mifugo, elimu ya wanakaya na mengineyo, na mwishoni majibu hupimwa kwa hesabu ya kompyuta inayokisia hali ya kaya kutokana na vitu hivyo. Hatua ya mwisho ndiyo inayozaa manung'uniko. Bibi aliyejengewa nyumba ya bati na mwanawe kabla mwanawe huyo hajafariki anaweza kuonekana katika dodoso kuwa na hali nzuri kuliko jirani yake wa nyumba ya nyasi mwenye ng'ombe wanne aliowaweka kwa ndugu. Mkutano wa kijiji unaujua ukweli huo, dodoso halina mahali pa kuuandika.

Malipo yenyewe yana sehemu mbalimbali. Ipo ruzuku ya msingi kwa kila kaya, ambayo katika kipindi cha kwanza cha mpango ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na zipo nyongeza zinazotokana na watoto, zenye masharti ya kuhudhuria shule na kliniki. Ipo pia ajira ya muda katika miradi ya kijiji, kama vile kuchimba mitaro na kupanda miti, kwa kaya zenye mtu mwenye nguvu za kufanya kazi. Ukiipima mizani hiyo kwa jicho la mzee, utaona kwamba anayeishi peke yake, asiye na mtoto wa kumwongezea ruzuku wala nguvu za kushika sururu, ndiye anayepata kidogo kuliko wote, ingawa huenda ndiye mhitaji kuliko wote.

Katika mkoa wa Njombe jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 uliukuta mkoa huo na kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 12.7 kwa watu wazima, kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na utafiti wa 2016/17 uliikuta Njombe na Iringa zote zikiwa juu ya asilimia 11. Nyuma ya takwimu hizo kuna kizazi cha bibi na babu waliowazika watoto wao na kubaki na wajukuu. Katika kaya ya namna hiyo, ruzuku inayomfikia mzee humfikia kwa mgongo wa mjukuu: mtoto yuko darasani, kwa hiyo nyongeza inaingia. Mjukuu akimaliza shule au akienda kutafuta kazi Makambako, nyongeza inakatika, na mzee hurudi kwenye ruzuku ya msingi akiwa na umri mkubwa zaidi na nguvu chache zaidi kuliko alipoanza.

Kuhusu chanzo cha fedha, sehemu kubwa ya mpango imegharimiwa na wafadhili na mikopo yenye masharti nafuu. Kwa kipindi cha pili pekee, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 450 mwaka 2019. Fedha za namna hiyo zina kalenda yake. Huja kwa vipindi, hukaguliwa kwa viashiria vilivyokubaliwa, na hufika mwisho wake hata kama uzee wa mlengwa haujafika mwisho. Ndiyo sababu TASAF husisitiza vikundi vya kuweka akiba na kukuza uchumi wa kaya, ili walengwa wahitimu, yaani watoke kwenye mpango wakiwa na shughuli ya kujitegemea. Kwa mama wa miaka 35, kuhitimu ni neno lenye maana. Kwa mama wa miaka 78, sijui tunataka ahitimu kwenda wapi.

Asilimia kumi isiyomtaja mzee

Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebishwa, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Wazee hawana fungu lao humo. Mama mzee anaweza kuingia kupitia kundi la wanawake, na mzee mwenye ulemavu kupitia kundi la tatu. Baba mzee mwenye afya ya wastani, anayetaka mtaji wa kufuga nyuki au kuku, hana mlango. Wazee wengi hupendekeza katika vikao kwamba nao watengewe asilimia zao, na hoja yao ina mantiki, lakini binafsi naona mkopo, hata usio na riba, si chombo cha kwanza cha kumhudumia mtu ambaye kipato chake kinapungua kila mwaka.

Waliowahi kuajiriwa

Pensheni inahitaji maelezo machache kwa sababu inawahusu wachache. Tangu mwaka 2018 mifuko iliyokuwa mingi imebaki miwili, PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sekta binafsi na waliojiajiri. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na sharti la kupata pensheni ya kila mwezi ni kuchangia kwa miezi isiyopungua 180, sawa na miaka 15. Malipo ya mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayotolewa kwa mara moja mtu anapostaafu, yaliwekwa kuwa asilimia 33 mwaka 2022, na kuanzia bajeti ya 2024/25 yakapandishwa hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wamezoea kupata nusu, na asilimia 35 kwa wengine. Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao hayo, ulipamba moto kwa miaka kadhaa na kuujaza ukumbi wa Bunge, kiasi kwamba mtu angeweza kudhani kila mzee wa Tanzania ana pensheni.

Vibarua wa mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe wanalijua vizuri lile sharti la miezi 180. Kazi ya chai huenda kwa misimu, waajiri wamebadilika, na anayefika miaka 60 akiwa na michango isiyotimia hupewa malipo ya mara moja na kuondoka. Kwa upande wa serikali yenyewe, tatizo lilikuwa la aina nyingine: watumishi walioanza kazi kabla ya kuanzishwa kwa utaratibu wa kuchangia mwaka 1999 walilipwa pensheni na mfuko kwa miaka ambayo haikuchangiwa, na deni hilo likakua hadi serikali ikalazimika, mwaka wa fedha 2021/22, kutoa hatifungani maalum, yaani hati ya deni la serikali, ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza kile ilichodaiwa. Mstaafu wa Iringa anayehakikiwa leo kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, au kwa simu ya mjukuu wake, hana haja ya kujua habari za hatifungani, lakini usalama wa malipo yake ya kila mwezi unategemea madeni ya namna hiyo kulipwa.

Wakulima, ambao ndio wengi, wamejitengenezea utaratibu wao. Katika Mufindi, Makete na Njombe mtu hupanda miti akiwa kijana ili aivune uzeeni. Ni hesabu nzuri, ila ugonjwa hauji kwa ratiba ya msitu, na miti mingi huuzwa ikiwa bado michanga, kwa bei ya mnunuzi.

Makazi ya wazee wasiojiweza hayatanichukua muda mrefu. Serikali inayo machache, yakiwemo Nunge ya Kigamboni, Fungafunga ya Morogoro, Njoro ya Kilimanjaro, Bukumbi ya Mwanza na Kolandoto ya Shinyanga, na baadhi yake yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Chakula, matibabu na watumishi wake hugharimiwa na wizara yenye dhamana ya wazee, na misaada ya watu na taasisi za dini hujazia. Ni huduma ya mwisho kabisa, kwa asiye na ndugu, na haikuwahi kukusudiwa kuwa jibu la wengi.

Baraza la wazee na kalenda ya bajeti

Mwongozo wa serikali unataka mabaraza ya wazee yaundwe kuanzia kijiji au mtaa, kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Kazi yake ni kushauri. Mabaraza hayana fungu la lazima, na mengi hukutana pale tu inapopatikana nauli, hasa kuelekea tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Hata hivyo baraza linaweza kuwa na nguvu likijua lini na wapi pa kusemea, na hapa wazee wengi hukosea kwa kuchagua siku yenye ngoma na wageni rasmi, wakati wageni hao hawana karatasi ya bajeti mkononi.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili makadirio kati ya Aprili na Juni, lakini kufikia hapo mambo ya halmashauri yamekwisha kufungwa. Mipango huibuliwa kijijini kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, hupita mkutano mkuu wa kijiji, hufika kamati ya maendeleo ya kata, huunganishwa na wataalamu wa halmashauri na kupitishwa na baraza la madiwani katika miezi ya mwanzo ya mwaka, kisha hupelekwa mkoani na TAMISEMI. Ombi la kadi za CHF za wazee wa kata nzima linalowasilishwa Oktoba kwa maandishi, likiwa na idadi ya majina na jumla ya shilingi, linaweza kuingia kwenye mpango. Ombi hilohilo likitolewa Mei kwa mkuu wa wilaya litapokewa kwa makofi. Diwani naye anahitaji kuambiwa jambo mahususi: si “tukumbukwe sisi wazee”, bali kaya 140 mara shilingi 30,000, ambazo ni shilingi milioni 4.2.

Pensheni kwa kila mzee?

Tangu mwezi Aprili 2016 Zanzibar imekuwa ikiwalipa pensheni jamii wakazi wote wenye miaka 70 na kuendelea, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, tajiri au maskini. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na fedha zake hutoka katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Katika mipango ya aina hii hakuna dodoso la paa na sakafu. Kuna swali moja tu, la umri, na kitambulisho hulijibu.

Kwa Tanzania Bara pingamizi huwa ni ukubwa wa gharama, na hesabu yake si ngumu. Kila wazee milioni moja wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, zinahitajika shilingi bilioni 240 kwa mwaka, bila gharama za uendeshaji. Sensa ya 2012 iliwahesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.5 nchi nzima, na idadi yao imeendelea kukua. Ukianzia umri wa miaka 70 kama Zanzibar, kundi hupungua sana. Mtu anaweza kuona kiasi hicho kuwa kikubwa au kinachowezekana, kulingana na anavyopima mambo mengine ya taifa, lakini si kweli kwamba hakihesabiki.

Badiliko lililo karibu zaidi ni la matibabu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, utakaopata fedha kutoka vyanzo kama ushuru wa vinywaji na michezo ya kubahatisha. Kwa mantiki ya fedha niliyoieleza, hii ni hatua kubwa, kwani mzee aliyetibiwa bure bila mlipaji sasa atakuwa na mlipaji, na kituo kitakachomhudumia kitapata fedha badala ya kupoteza dawa. Lakini mfuko huo unamlipia mtu kwa kukosa uwezo, na uzee peke yake hauthibitishi hilo. Lile sharti la pili lililokuwa likidondoka majukwaani litarudi likiwa na nguvu ya sheria, na kwa mzee wa Rungwe mwenye ekari moja ya parachichi ambazo hazijaanza kuzaa, na watoto watatu mjini ambao hutuma fedha wakipata, atakayeamua kama ana uwezo au hana atakuwa tena mkutano wa kijiji chake pamoja na dodoso.